Mzee, Binti na Uma: Grant Wood Alichora Shamba la Nani?

Mkulima maarufu kuliko wote katika sanaa ya Marekani alikuwa daktari wa meno. Aliitwa Byron McKeeby, umri wake miaka 62, na kliniki yake ilikuwa Cedar Rapids, jimbo la Iowa. Miongoni mwa waliowahi kufumbua mdomo mbele yake alikuwamo mchoraji Grant Wood, na ni mteja huyo aliyemwomba akae achorwe. Mwanamke aliye ubavuni mwake pichani ni Nan, dada yake Wood, ambaye naye hakuwa mkulima. Wawili hao hawakukaa pamoja kuchorwa hata mara moja. Kila mmoja alikuja kwa wakati wake. Nyumba nyeupe iliyo nyuma yao hawakuwahi kusimama mbele yake wakati wa kazi hiyo, kwani iko Eldon, mji mdogo ulio mbali, kusini mwa jimbo.

Picha hiyo ni American Gothic, ya mwaka 1930. Hata asiyejua jina lake ameiona, kama si yenyewe basi mojawapo ya mizaha yake isiyohesabika: marais na wake zao, vikaragosi vya televisheni, matangazo ya biashara, wote wamesimamishwa mbele ya kijumba cheupe na uma wa shambani, ule wa kugeuzia nyasi, mkononi. Tangu ilipotoka magazetini watu wanagombania swali moja. Huyu mchoraji anawasifu watu wa shamba, au anawacheka?

Swali hilo limewachosha wengi kwa sababu linaanzia mahali pasipofaa. Linachukulia kwamba Wood alikwenda shambani, akawakuta watu hawa, akatuletea habari zao. Hakufanya hivyo hapa, na ni mara chache alifanya hivyo kwingine. Ukishajua alikuwa anafanya nini, mengi yanayotatiza kumhusu yeye, na kulihusu kundi zima la wachoraji aliowekwa nao fungu moja, yananyooka. Si yote.

Dirisha kwanza, watu baadaye

Agosti 1930 Wood alikuwa Eldon, ambako rafiki yake Edward Rowan alikuwa ameanzisha kituo kidogo cha sanaa. Kijana mmoja mchoraji, John Sharp, akamzungusha mjini kwa gari. Wakapita kijumba cha mbao kilichojengwa miaka ya 1880, cha kawaida kabisa, isipokuwa dirisha moja la juu lililochongoka kama la kanisa kuu.

Dirisha hilo ndilo lililoizaa picha, na ndilo linaloeleza jina lake. Neno Gothic, ambalo siku hizi linawakumbusha wengi mavazi meusi na hadithi za majumba yenye mizimu, hapa linataja mtindo wa ujenzi: makanisa makubwa ya mawe ya Ulaya ya Zama za Kati, yenye madirisha marefu yaliyochongoka juu. Katika karne ya 19 maseremala wa Marekani waliuiga mtindo huo kwa mbao na misumeno, wakaupachika kwenye nyumba za watu wa kipato kidogo. Ni kama kukuta nakshi za mlango wa jumba la Sultani kwenye kibanda cha bati. Wood aliona kichekesho chake, akaona na fahari yake. Akachora haraka mgongoni mwa bahasha, kisha akaanza kuwaza ni watu wa namna gani wangefaa kuishi nyuma ya dirisha kama lile.

Hapo ndipo alipomgeukia daktari wake na dada yake. Nyuso zao akazirefusha zilingane na dirisha. Nan hakuwa na uso mrefu vile, na mwaka uliofuata kaka yake alimchora tena, safari hii mrembo, ameshika kifaranga mkono mmoja na tunda mkono mwingine, kana kwamba anamlipa fidia. Utepe wa zigizaga ulioshonwa kwenye aproni ulikuwa umepitwa na wakati kiasi kwamba Nan aliufumua kwenye nguo kuukuu za mama yao. Kumbuka utepe huo. Tutaurudia.

Ukiisogelea picha, ambayo si kubwa, sentimita 78 kwa 65, kwenye ubao mwepesi wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, utaona jinsi ilivyofungwa kwa umbo moja. Uma una meno matatu. Mishono ya ovaroli kifuani mwa mzee inaurudia uma ule ule, meno juu. Mbao za ukuta zimesimama wima, mistari ya shati imesimama wima. Juu ya ovaroli mzee amevaa koti jeusi, na shati lake ni lile la kuvaliwa na kola, ila kola yenyewe haipo, kimebaki kifungo tu kinang'aa shingoni. Yaani juu amevaa kwa ajili ya kanisa, chini amevaa kwa ajili ya zizi. Mwanamke amebana kola yake kwa pambo lenye sura ya mtu. Nywele zake zimevutwa nyuma zikakazwa, isipokuwa msokoto mmoja uliochomoka ukaanguka shingoni. Nimewahi kuikodolea macho picha hii kwa muda mrefu, na kila mara naishia kwenye msokoto ule. Kila kitu kingine kimekaa sawasawa mno.

Na juu ya bega lake, barazani, kuna mmea kwenye chungu, wenye majani marefu yaliyosimama kama panga. Ni sansevieria, ule ule ambao wauza miche wa Dar es Salaam na Nairobi huupanga kando ya barabara. Asili yake ni Afrika Magharibi. Katika picha inayoitwa ya Kimarekani kuliko zote, mgeni wa kutoka kwetu amekaa barazani tangu mwanzo na hakuna anayemsema.

Wood aliipeleka picha Chicago, kwenye mashindano ya mwaka ya Art Institute. Ilipata medali ya shaba na dola 300, na jumba hilo likainunua. Ipo hapo mpaka leo. Magazeti ya miji mikubwa yakaichapa kwa furaha: hawa hapa washamba wetu. Ilipochapwa Cedar Rapids, wenye mashamba wakawaka. Mke wa mkulima mmoja alitishia kumng'ata mchoraji sikio. Mwingine alishauri picha itundikwe kiwandani kwa watengeneza jibini, maana uso wa yule mwanamke ungegandisha maziwa.

Nan naye alikuwa na lake. Wengi walidhani wawili wale ni mume na mke, naye hakupenda kuonekana ameolewa na mtu aliyemzidi umri maradufu. Maisha yake yote alisisitiza kwamba ni baba na binti. Wood mwenyewe hakuwa na msimamo mmoja, ila katika barua ya mwaka 1941 aliandika wazi kwamba mwanamke yule ni binti wa mzee, aliyekwisha kuwa mtu mzima.  

Mtoto aliyetolewa shambani

Grant Wood alizaliwa tarehe 13 Februari 1891 kwenye shamba karibu na Anamosa, Iowa. Baba yake alikuwa mkali, wa dini, mtu ambaye husimuliwa kwamba alikirudisha kitabu cha hadithi za kubuni alichopewa mwanawe kwa kuwa nyumba yao ilisoma mambo ya kweli tu. Baba huyo alifariki ghafla mwaka 1901. Mama, Hattie, akauza shamba, akawachukua watoto wanne na kuhamia Cedar Rapids mjini.

Grant alikuwa na miaka 10, na hakuishi tena shambani. Watu wanapomwita mchoraji wa maisha ya kijijini wanaliruka hili. Aliyoyajua kuhusu kulima yalikatika akiwa darasa la chini. Baada ya hapo alikuwa mtoto wa mjini, akisaidia mama kutafuta riziki.

Alisoma usanifu wa mikono Minneapolis mwaka 1910, akafua fedha na kutengeneza mapambo Chicago, akajaribu biashara ya usonara ikamfilisi, akarudi nyumbani. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia jeshi lilimpa kazi ya kupaka rangi za kufichia mizinga. Kuanzia 1919 alifundisha sanaa katika shule za Cedar Rapids. Alikuwa fundi wa kila kitu: alipamba nyumba za matajiri, alichora kuta za mikahawa ya hoteli kwa mahindi, alitengeneza fanicha.

Mwaka 1924 mteja wake David Turner, mwenye biashara ya mazishi, alimpa bure chumba cha darini juu ya banda la magari ya maiti. Wood akakigeuza nyumba na studio, akaishi humo na mama yake, na Nan kwa muda. Mlango wake umehifadhiwa: una duara kama la saa na mshale wa kuwaambia wageni kama mwenyewe yupo, ametoka, au anaoga. Karibu kila picha iliyompa jina ilichorwa darini pale, juu ya magari ya maiti.

Katika miaka hiyo ya 1920 alikwenda Ulaya mara kadhaa, akasoma Paris, akafuga ndevu, akavaa kofia ya wachoraji wa Kifaransa na kupaka rangi nzito nzito za madoadoa kama wenzake wote waliofika Paris. Picha za wakati huo si mbaya. Zingekuwa za mtu mwingine usingeshangaa.

Kilichombadilisha kilitokea Ujerumani, kwa njia ya mzunguko. Mwaka 1927 Cedar Rapids ilimpa kazi ya dirisha kubwa la vioo vya rangi kwa ajili ya jengo la ukumbusho wa askari. Vioo vilitengenezwa Munich, na mwaka 1928 akaenda kusimamia. Mchana anatazama mafundi wa vioo. Saa za mapumziko anaingia kwenye majumba ya sanaa kuwatazama wachoraji wa Kaskazini wa karne ya 15 na 16, akina Hans Memling wa Flandria, Ubelgiji ya leo, na Mjerumani Albrecht Dürer. Akaona kitu. Watu wale, wakichora Bikira Maria, walimvika nguo za mjini kwao, wakamweka kwenye chumba cha kwao, na dirishani ikaonekana mito na minara ya kwao. Kila uzi wa nguo umechorwa. Na vitu vidogo, ua, kikombe, kitambaa, vinasimulia habari ya mwenye navyo.

Sasa urudie utepe wa zigizaga na mmea kwenye chungu. Ni somo la Munich hilo. Mwaka 1929 alimchora mama yake kwa namna hiyo hiyo: Hattie amekaa na aproni, ameshika chungu cha sansevieria, kola yake imebanwa kwa pambo la sura ya mtu, na nyuma yake vilima vya Iowa vimekaa kama vilima vya Italia nyuma ya malkia. Mwaka mmoja baadaye pambo na mmea vilihamia American Gothic. Sanaa iliyosifiwa kwa kuikataa Ulaya ilijifunza kuona kwa macho ya Wajerumani na Waflandria.

Kundi lililoundwa na muuza picha

Kisanaa, Wood huhesabiwa katika rijonalizimu. Ukitafuta neno letu utaangukia kwenye umajimbo, nalo, hasa kwa msomaji wa Kenya, lina siasa zake za tangu uhuru. Wazo lenyewe ni jepesi: mchoraji akae anakokujua, achore watu na ardhi ya hapo kwa namna inayoeleweka na watu wa hapo, aache kuiga Paris na New York.

Vitabu hutaja watatu. Thomas Hart Benton wa Missouri, John Steuart Curry wa Kansas, na Wood wa Iowa. Husimuliwa kana kwamba walikaa chini ya mti wakaandika katiba. Ukweli ni kwamba mwaka 1933 muuza picha wa New York aliyezaliwa Kansas, Maynard Walker, aliandaa onyesho Kansas City lililowaweka pamoja, na Desemba 1934 jarida la Time likamweka Benton kwenye jalada na kuwatangaza kuwa ndio sanaa mpya ya taifa. Wakati huo Benton alikuwa ameishi New York zaidi ya miaka 20, na Curry alikuwa anaishi Connecticut. Kati ya mitume watatu wa kubaki nyumbani, aliyebaki nyumbani ni mmoja.

Wood aliipenda nafasi ile. Kwa wapiga picha wa magazeti alivaa ovaroli. Aliwaambia waandishi kwamba mawazo yake mazuri yote yalimjia akikamua ng'ombe, na wao wakaandika, bila kuuliza mara ya mwisho alikamua lini. Majira ya kiangazi ya 1932 na 1933 aliendesha na wenzake kambi ya wachoraji huko Stone City, kijiji cha machimbo ya mawe karibu na alikozaliwa, ambako wanafunzi walilala kwenye magari ya zamani ya kubebea barafu. Mwaka 1935 ukatoka waraka kwa jina lake, ukiwaita wasanii waasi mji mkubwa. Wengi leo wanaamini sehemu kubwa iliandikwa na profesa mwenzake, Frank Luther Mott.

Wanahistoria kadhaa wa siku hizi wanaliona vazi lile kama kinga pia. Wanasema Wood alikuwa shoga katika mji na zama ambazo jambo hilo lingemmaliza, na kwamba hakuna anayemshuku mtu wa ovaroli. Aliishi na mama yake mpaka alipopita miaka 40. Ndoa yake na Sara Maxon, iliyofungwa 1935, ilivunjika baada ya miaka michache. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alitoa picha ya chapa iliyomwonyesha mkulima akijimwagia maji uchi kando ya hori, usiku wa joto, na Posta ya Marekani ikakataa kuisafirisha ikisema ni uchafu. Mwenyewe alidai ni kumbukumbu tu ya jinsi watu wa shamba walivyooga baada ya kazi.

Mahindi ya kuchoma jikoni

Sasa tufike kwenye jambo linalonitatiza mimi zaidi kuliko uma.

Miaka ile ile Wood alipokuwa anachora mashamba yake mazuri kabisa, mashamba ya kweli ya Iowa yalikuwa yanakufa. Bei ya mahindi ilianguka hadi baadhi ya wakulima wakayachoma jikoni badala ya makaa, kwa kuwa makaa yalikuwa ghali zaidi. Benki zilinadi mashamba. Mwaka 1932 wakulima walifunga barabara kuzuia maziwa na mifugo isifike sokoni. Aprili 1933, huko Le Mars, kundi la wakulima lilimtoa jaji mahakamani, likamfunga kamba shingoni na kumtaka aape kwamba hatatia saini tena hati za kuwanyang'anya watu mashamba.

Tafuta haya kwenye picha za Wood. Young Corn ya 1931 ni miche ya mahindi kwenye mistari iliyonyooka kama mishono. Arbor Day ya 1932 ni mwalimu na wanafunzi wakipanda mti shuleni. Spring Turning ya 1936 ni vilima vya kijani vilivyovimba kama mito ya kulalia, na mtu mdogo kama sisimizi anafuata plau ya farasi. Miti ni mviringo, mawingu yamepangwa, udongo hauchafui. Matrekta yalikuwa tayari yameenea Iowa, kwake hayapo. Mara moja alipoichora mashine kwa uzito, mwaka 1935, ni lori jekundu linaloshuka mlimani likiwa karibu kugongana uso kwa uso na gari jeusi, chini ya nguzo za simu zilizosimama kama misalaba ya makaburini.

Waliomlaumu kwa hili wana hoja, na sitamtetea. Mtu aliyenadiwa shamba lake mwaka 1933 angekuwa na haki ya kuuliza vilima vile ni vya nani.

Jibu lipo kwenye picha moja ya 1934, Dinner for Threshers. Ni ndefu na nyembamba, kama sentimita 50 kwa 200, na ukuta wa nyumba umeondolewa ili tuone ndani, kama jukwaa. Wapuraji wa nafaka wamekaa mezani baada ya kazi ya asubuhi. Nje, wengine wananawa na kuchana nywele. Wanawake wanatoa vyungu jikoni. Nyuso za wanaume zimeungua na jua, lakini mapaji ya uso ni meupe pe, kwa sababu kofia zimevuliwa. Hilo ni jambo la kuona kwa macho, huwezi kulibuni. Kisha tazama banda la shamba, juu karibu na paa. Kuna tarehe imeandikwa: 1892.

Ameiandika mwenyewe, waziwazi. Mwaka 1892 alikuwa na mwaka mmoja tu, baba yupo, shamba lipo. Wood hakuwa akichora Iowa ya mwaka 1934 kwa uongo. Alichora mahali palipouzwa mwaka 1901, jinsi mtoto anavyopakumbuka, vilima vikubwa na vyenye mwili, watu wadogo, kazi yote imeshika utaratibu kwa sababu mtoto hakuonyeshwa madeni. Ndiyo maana katika Fall Plowing ya 1931 plau ya mkono imesimama peke yake mbele ya shamba, mfereji wa udongo umefika hapo ukakoma, na mshika plau hayupo. Wengine huona sifa kwa chombo kilichofungua ardhi ya Magharibi ya Kati. Mimi plau ile hunipeleka kwa mzee aliyefariki 1901. Picha yenyewe leo ni mali ya kampuni ya John Deere, watengeneza matrekta.

Ukiisoma American Gothic kwa njia hiyo, ugomvi wa sifa na dhihaka unalegea. Utepe wa nguo za mama, pambo la mama, mmea wa mama, mzee mkali wa dini asiyecheka. Anayewachora anawapenda na anawaogopa, na pia anaona wanavyochekesha. Mtu akikusimulia habari za babu yake utasikia mambo yote matatu katika sentensi moja.

Alipotaka kukejeli alijua namna. Lile dirisha la Munich liliwaudhi akina mama wa chama cha Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani, wazao wa waliopigania uhuru wa nchi hiyo, waliosema ni aibu kuwakumbuka askari kwa kioo cha Mjerumani. Kelele zilichelewesha uzinduzi hadi 1955, Wood akiwa amekwisha kufa. Jibu lake lilikuja 1932: mabibi watatu wenye midomo iliyobanwa, mmoja ameshika kikombe cha chai kwa mkono mkavu kama ukucha wa kuku, wamesimama mbele ya picha maarufu ya George Washington akivuka mto. Picha hiyo wanayojivunia ilichorwa Düsseldorf, Ujerumani, na Emanuel Leutze, mzaliwa wa nchi hiyo hiyo. Wood alisema hiyo ndiyo picha pekee ya kejeli aliyowahi kuchora, na ukiiweka kando ya American Gothic unamwelewa.

Chuo Kikuu, na Miss Catlett

Tangu 1934 alifundisha Chuo Kikuu cha Iowa, na miaka yake ya mwisho huko ilikuwa michungu. Mkuu mpya wa idara, Lester Longman, aliamini sanaa ya kisasa ya Ulaya na alimwona Wood kama mchora kalenda. Horst Janson, mwanahistoria wa sanaa aliyekuwa ameikimbia Ujerumani ya Hitler, alifundisha hapo pia, na mwaka 1946 aliandika kwamba sifa za udongo, za nyumbani na za watu wasiochanganyika na mageni zinanuka kama zile alizozikimbia. Kwa matamko yaliyotolewa kwa jina la Wood, na ya Benton zaidi, Janson hakukosea sana. Kwa picha zenyewe naona alizidisha; huwezi kuongoza gwaride kwa plau isiyo na mtu.

Wood alifariki kwa saratani ya kongosho tarehe 12 Februari 1942, siku moja kabla ya kutimiza miaka 51. Alizikwa Anamosa. Miaka ya vita na baada yake wakosoaji walimtupa, na mwanafunzi mmoja wa zamani wa Benton, Jackson Pollock, akawa jina kubwa la sanaa ya Marekani kwa kumwaga rangi sakafuni. Mwaka huo huo wa 1942 mpiga picha Mweusi Gordon Parks alimsimamisha Ella Watson, mfanyausafi katika ofisi za serikali Washington, mbele ya bendera, ufagio mkono huu na tambara la kupigia deki upande wa pili, wima kama uma. Kati ya mizaha yote ya American Gothic, hiyo haichekeshi.

Lakini mrithi wa karibu zaidi alikuwa darasani kwake. Elizabeth Catlett, mjukuu wa watumwa, alikuwa amenyimwa nafasi katika taasisi ya Pittsburgh kwa sababu ya rangi yake. Akaja Iowa kusoma chini ya Wood. Mabweni ya chuo hayakumpokea, akapanga mjini. Wood alimwambia alichowaambia wanafunzi wake wote: chora unachokijua zaidi. Kwa kinywa cha mtu aliyejichora mkulima kwa kumbukumbu za miaka 10, neno hilo linaweza kusikika kama mzaha. Catlett hakulichukua kwa mzaha. Alichonga mama Mweusi na mtoto kwa mawe ya chokaa, na mwaka 1940 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamili ya sanaa chuoni hapo.

Baadaye alihamia Mexico, na huko, mwaka 1952, alichonga chapa ya mwanamke anayelima shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno. Kofia pana ya majani, uso umeinuliwa, macho yanatazama pembeni kidogo kama ya Nan. Naye amebana nguo yake shingoni, pale pale lilipokaa pambo la Hattie Wood. Ameibana kwa pini ya nepi.